Pikipiki Iliyokataa Gia Alfajiri

Mwanangu Nasimiyu,

Salamu nimeziruka kwa sababu uko chumba cha pili, nakusikia ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Barua hii utaikuta ndani ya mfuko wa kushoto wa pikipiki, pamoja na spana. Usiisome njiani. Isome ukishafika Kibabii, umenawa na umekula.

Baba yako amesema niandike mimi. Yeye amebakiwa na jambo moja tu la kukuambia, nalo linahusu oili, na atakuambia kesho ukiwa umekwisha kuvaa kofia, ili usipate nafasi ya kumuuliza maswali. Unamjua.

Mambo ya kula, kulala na kumsalimia mwalimu mkuu wa shule unakokwenda kufundisha sitayaandika. Kama hukuyashika kwa miaka kumi na tisa, karatasi hii haitakusaidia. Nataka kukueleza habari ya pikipiki hii na kukhu wako, mama yangu. Uliishi ndani ya habari hiyo, lakini ulikuwa na miaka saba, na najua unaikumbuka kwa upande wa kuku tu.

Mwaka ule kukhu alianza kukohoa akiwa kwake Kibabii. Alipokonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, nilimleta huku Saboti. Hospitalini Kitale walisema ni kifua kikuu na kwamba atapona, lakini lazima adungwe sindano kila asubuhi, Jumapili tu apumzike, kwa muda wa miezi miwili, kisha aendelee na vidonge. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alinishika mkono akaniambia, "Akiruka siku, ugonjwa unajifunza dawa. Ukishajifunza, mimi sina nyingine." Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo.

Sasa fikiria hali yetu. Kutoka hapa hadi Kitale hakukuwa na gari la kutegemea, na barabara yenyewe wakati wa mvua ilikuwa matope hadi magotini. Tulikuwa na pikipiki ya baba yako, hii hii, ambayo aliinunua kwa mzee mmoja alipokuwa akifanya kazi Bungoma. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Baba yako angeweza kumbeba mgonjwa yeyote wa kijiji hiki, isipokuwa mmoja. Mkwe hambebi mama mkwe wake. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani hadi mwenzake apite. Kukhu hakukubali hata kulala kwenye boma letu. Alilala ng'ambo ya kijito, kwa Mama Rispa, mjane tuliyesali naye kanisa moja. Na kwa kuwa daraja la magogo halikupitisha pikipiki, nayo ililala huko, chini ya paa la jiko la Mama Rispa.

Kwa hiyo nilijifunza kuendesha. Watu wamekuambia kwamba mama yako alikuwa mwanamke jasiri. Hapana. Nilikuwa mwanamke ambaye mama yake na mumewe hawawezi kukaa kwenye kiti kimoja. Baba yako alinifundisha uwanjani mwa shule, akinikimbilia pembeni na kusema, "Mguu wa kulia ndio gia, mama Nasimiyu, wa kulia. Kushoto ni breki." Pikipiki zote nyingine nilizowahi kuziona zilikuwa kinyume cha hiyo. Nilianguka mara nyingi, na vijana walikuja kutazama kama watu wanaokwenda mpirani.

Kukhu alitoa sharti moja: mto wa kukalia uwe mpya, nishone mwenyewe, na baba yako asiukalie kamwe. Nikaushona kwa kitambaa cha gunia na sufi ya mto wa kitanda chetu, nikaufunga kwenye keria. Siku moja kabla ya kuanza safari, baba yako alishinda na pikipiki mchana kutwa. Aliiosha, akakaza waya za magurudumu, akabadilisha oili. Alifanya hivyo akiimba.

Asubuhi ya kwanza ilinikataa.

Injini iliwaka vizuri. Nikabana klachi, nikapandisha gia ya kwanza, pikipiki ikanguruma kama inayosaga mawe, ikaruka mbele na kuzima. Kukhu karibu adondoke. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Tuliondoka baada ya Mama Rispa kutusukuma hadi kwenye mteremko, na hata tukiwa tunakwenda, kila gia iliingia kwa ugomvi. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Nilianza kuikanyaga gia kwa kisigino kwa nguvu zangu zote. Huko ndiko ulikotoka ule mpindo unaouona kwenye wenzo wa gia. Si ajali. Ni mguu wangu. Kitu kikikukatalia, nguvu huja haraka kuliko akili, na alama yake hukaa.

Ndipo senge yako, dada mkubwa wa baba yako, alipokuja kutujulia hali, akatukuta asubuhi pikipiki ikiruka na kuzima, ikiruka na kuzima. Alisimama akatazama, mikono nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichokiona kuwa wazi.

"Si hii ni ya mkwe wake? Mto mmebadilisha, sawa. Na chuma je? Chuma kinamjua mwenyewe."

Kukhu alimsikia. Alishuka kwenye mto, akarekebisha leso, akaingia ndani. Kesho yake nilipokwenda kumchukua, alikuwa ameketi jikoni kwa Mama Rispa, na hakuinuka. Alisema polepole kwamba hataki kunivunjia ndoa kwa sababu ya kifua. Nilimwambia sindano haingoji. Akasema, "Mimi ni mzee. Wewe bado una watoto wa kuzaa kwenye nyumba hiyo."

Mwanangu, nataka ujue jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilimbishia kwa mdomo, lakini moyoni niliamini nusu. Mimi niliyesoma hadi kidato cha nne, niliyepewa zawadi ya sayansi mbele ya wazazi. Kwa sababu mambo yalilingana: kabla mama hajafika, pikipiki ilikuwa nzima, alipoikalia tu, ikakataa. Ukiwa na hofu, mambo mawili yakitokea siku moja utaapa kwamba moja limezaa lingine.

Baba yako kwa upande wake hakutaka kusikia habari ya mwiko. Alisema ni gia. Akalaza pikipiki kwenye gunia pale uani kwa Mama Rispa, kukhu akiwa amefungiwa ndani ili wasionane, akaanza kufungua. Alifungua bolti ndogo iliyo chini ya sanduku la gia. Ikatoka springi, na nyuma ya springi ikatoka gololi ya chuma, ndogo, inayong'aa. Kazi ya gololi hiyo ni kuishikilia gia mahali pake isiruke. Ilibiringika juu ya gunia, na kabla hajainyooshea mkono, kuku akaidonoa.

Hapa ndipo kumbukumbu yako inapoanzia. Unakumbuka mbio. Usichokijua ni kwamba kuku walikuwa kumi na wote walitawanyika, na kila mmoja wetu aliapa kumwona kuku tofauti. Wa kwanza tuliyemchinja hakuwa na hatia. Gololi ilikuwa kwa wa pili, ndani ya firigisi. Na kwa kuwa firigisi kwetu ni ya mwanamume, Mama Rispa alimletea baba yako kwenye sahani, mbichi, akamwambia ajipasulie mwenyewe.

"Kuku wawili kwa gololi moja, shemeji," alisema. "Hii pikipiki yako inakula kuliko mgeni."

Kukhu alicheka huko ndani mpaka kikohozi kikamkamata. Supu ya kuku wote wawili alikunywa yeye, kwa hiyo siku ile haikupotea yote. Lakini gololi ilirudishwa, bolti ikakazwa, na baba yako akatangaza kwamba pikipiki imepona. Nikamwambia kukhu. Akasema ameisikia sana habari ya kuku, lakini hajasikia habari ya chuma.

Siku zilikuwa zinapita bila sindano. Niliamua kwenda hospitalini peke yangu nikamwombe yule muuguzi vidonge tu, visivyohitaji mtu kuletwa. Niliondoka alfajiri. Kulikuwa na ule ukungu wa mlimani unaolowesha nyusi. Na pikipiki ikakataa. Ikaruka, ikazima, ikasaga mawe, na mama hayuko nyuma.

Nilisimama pale kwenye matope, na kabla sijakasirika nilifurahi. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa sayansi, mwanamke mwembamba aliyependa kutusimamisha mbele ya darasa na kutuuliza, "Umebadilisha nini? Kimoja tu. Ukibadilisha viwili, hujui umejifunza nini." Asubuhi ile, bila kukusudia, nilikuwa nimebadilisha kimoja. Nilimtoa mama. Ugonjwa wa pikipiki ukabaki.

Niliisukuma hadi mteremkoni ikaondoka kwa ugomvi, nikafika, lakini muuguzi hakunipa vidonge. Alinipa chai, akanikumbusha aliyokwisha kuniambia, akasema nimlete mama yangu kesho, hata kwa mkokoteni. Nilirudi jua likiwa kali, mbuzi wamelala vivulini. Pikipiki ilikuwa imesimama hospitalini juani. Gia ya kwanza ikaingia kama kisu kwenye parachichi. Ya pili, ya tatu. Nilisimama kwa makusudi njiani mara kadhaa, nikashusha gia zote na kupandisha tena. Hakuna ugomvi. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote: kila tuliporudi mchana na mama, mama akiwa palepale nyuma, juu ya mto uleule, pikipiki ilikuwa haina neno. Tulikuwa tunashukuru tu na kusahau. Kinachoharibika tunakihoji, kinachokwenda vizuri hatukiulizi kitu, na mara nyingi jibu liko huko.

Jioni ile nilifanya jaribio la kwanza. Nilizima injini, nikaisukuma mbele na nyuma kidogo kidogo huku nikibonyeza gia kwa mguu. Zikaingia zote, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo gia zilikuwa nzima, na kuku wale walikufa bure. Lilifuata swali jingine: kama gia ni nzima injini ikizimwa, ni nini kinachozigombanisha injini ikiwaka? Ni klachi, kwa sababu kazi ya klachi ni kutenga injini na gia ili zipishane kwa amani. Ikiwa haitengi, gia hupigana na injini, na wewe utailaumu gia.

Sikumwambia mtu. Alfajiri nilivuka kijito, nikamgongea mama. Nikamwomba ajifunike blanketi, asimame mlangoni mwa jiko, asiiguse pikipiki. Nikaiweka gia ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, nikabana klachi hadi mwisho, nikasukuma. Gurudumu halikugeuka. Lilikuwa kama limefungwa kamba.

"Mama, hujaikalia," nikamwambia. "Hakuna aliyeikalia tangu jana. Ona."

Kisha nikairudisha, gia yoyote isishike, nikaendelea kubana klachi na kuanza kuipiga kiki, ule wenzo wa kuwashia kwa mguu, bila kuiwasha. Mwanzo ilikuwa nzito. Nikapiga tena na tena, jasho likanitoka kwenye baridi ile. Ghafla kiki ikawa nyepesi, mguu ukashuka wenyewe. Zile sahani za ndani ya klachi zilizokuwa zimegandamana usiku zilikuwa zimeachana. Nikatia gia, nikabana, nikasukuma. Gurudumu likazunguka.

Kukhu alitazama gurudumu, akatazama magoti yake.

"Kumbe ni baridi," alisema. "Hata mimi nikiamka haya magoti yanakataa, mpaka nikae kwa moto kwanza. Mbona hamkuniuliza mimi?"

Nikapangusa jasho. Akaendelea, sasa kwa sauti ya mzazi, kwamba heshima ya mkwe iko palepale na nisije nikamletea ujinga wa kuiondoa. Lakini heshima ina mambo yake na baridi ina yake. Akaomba viatu. Siku hiyo alidungwa sindano, na yule muuguzi akatuhesabia upya kutoka mwanzo, bila kutugombeza.

Tulipofungua kasha la klachi kuondoa oili, haikumwagika. Ilishuka polepole, nene kama asali ya msituni. Baba yako aliinama akaitazama. Nikamuuliza ni oili gani. Ilikuwa ya gia za trekta, aliiomba kwa dereva wa shamba la jirani. Nikamuuliza kwa nini.

"Nilitaka iwe na nguvu," alisema. "Si anayebebwa ni mkwe? Si gunia."

Kumbe kilichobadilika siku ile mama alipofika hakikuwa mwiko. Kilikuwa mambo mawili kwa pamoja: oili nzito ya baba yako, na sisi kuanza kuondoka alfajiri, wakati yeye siku zote aliondoka jua likiwa limepanda. Na oili hiyo ilitiwa kwa upendo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Utakutana na mambo yaliyoharibika kwa sababu mtu alitaka kuyatendea mema kupita kiasi. Safisha kwa mafuta ya taa, tia oili nyepesi, na usimkumbushe mtu huyo kila siku. Mimi nilimkumbusha baba yako kwa mwaka mzima, nikiona ni utani. Hakuwa akicheka.

Baada ya hapo kila asubuhi kiki ilikuwa nyepesi nilipoigusa. Nilijisifu kwamba oili nyepesi imemaliza kazi. Mpaka baba yako alipokwenda Bungoma kwenye matanga. Asubuhi ile ikagoma, si kwa ukali wa zamani, lakini ikagoma. Ndipo nikaelewa. Siku zote hizo alikuwa akivuka kijito kabla yangu, anabana klachi, anaipiga kiki gizani mpaka ilegee, kisha mlango wa kukhu ukilia anajificha nyuma ya ghala la mahindi la Mama Rispa. Hakuondoka hadi asikie tumekwenda. Aliporudi matangani nilimuuliza. Alisema anapenda kusikiliza gia: ya kwanza langoni, ya pili kwenye mti wa kwanza, na ikiingia ya tatu pale mteremkoni, anajua tutafika.

Siku ya sindano ya mwisho kukhu alikuita kando akakunong'oneza. Wewe ulikimbia ukapeleka ujumbe kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Baba, kukhu amesema mtu wa nyuma ya ghala avae sweta." Kumbe alijua tangu mwanzo. Walikuwa wamesaidiana miezi miwili bila kuonana uso, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Sasa kukhu huyohuyo anakungoja Kibabii. Ameshaagiza mto. Nimeushona upya, uko kwenye keria, na yeye anasema kifua ni kizima lakini miguu haifiki tena sokoni, kwa hiyo Jumamosi ni zamu yako. Kule kuna joto kuliko huku, klachi haitakusumbua sana. Ikikusumbua, au kitu kingine chochote kikikukatalia, shuleni au kwa watu, kizime kwanza. Kisukume polepole mbele na nyuma. Tazama kama kinachopiga kelele ndicho kibovu.

Nimefikiri kama niamke mapema kesho nikulegezee kiki, kama baba yako alivyofanya. Goti lake halimruhusu tena, na mimi najua kazi hiyo. Nimeamua hapana. Utabana klachi mwenyewe, utapiga kiki mwenyewe mpaka iwe nyepesi, hata ikichukua muda na majirani wakitazama.

Sisi tutakuaga mlangoni kwa Mama Rispa, pikipiki inakolala hadi leo, kama watu wote. Kisha ukiwasha, usitutafute kwa macho. Tutakuwa nyuma ya ghala, nimemvalisha sweta, tunasikiliza mpaka ya tatu iingie.

Mama yako